Mkeka wa Mto Mdogo

Mtu akinywa maji ya Mto Mdogo mbele yangu, kisha akakunja uso na kusema yana chumvichumvi, mimi hukasirika sana. Humwambia akae chini, na akishakaa namsimulia habari za Olinda, apende asipende. Wajukuu zangu wameisikia mara nyingi mpaka wananitangulia kusema maneno, wananiita bibi santuri. Siwalaumu. Lakini maji wanayoyachezea yana mwenyewe, na mwenyewe huyo hakuzaliwa hapa, hakujua kuogelea, wala hakuwa wa dini yetu.

Ulikuwa mwaka wa sabini na moja. Vita vya kumtoa Mreno vilikuwa vimeingia mwaka wa nane, na sisi tulikuwa tumejificha kwenye matete ya Mto Mdogo, mkono mwembamba unaojitenga na Ruvuma kabla haujafika Namoto. Tulikimbilia huko ili tusiingizwe kwenye aldeamento, vile vijiji vya seng'enge ambamo serikali ya Mreno iliwakusanya watu wasiwalishe wapiganaji. Tulikuwa kaya chache: wavuvi, wachuuzi ambao kabla ya vita walikuwa wakivuka mpaka na bidhaa zao, na wakulima wawili watatu wa mpunga. Boti ya doria ilipita mara mojamoja. Tukisikia mashine yake tulizama kwenye matete, ikishapita tukarudi kwenye masufuria yetu.

Kilichotushinda hakikuwa askari, kilikuwa maji. Mvua za mwaka huo zilikuwa za kudanganya tu, mto ukakonda, na bahari ikapata nafasi ya kupanda juu. Kila bamvua, maji makubwa yanayokuja mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, chumvi ilifika mpaka mlangoni kwetu. Kisima kitamu cha karibu kilikuwa kwenye njia ya Pundanhar, na njia hiyo ilikuwa imetegwa mabomu. Rehema, jirani yetu, alikwenda kuteka huko akarudi amebebwa, mguu mmoja hana. Basi tukanywa tulichopata. Watoto waliharisha, wazee waliharisha, na mimi nilikuwa msichana mkubwa wa kuolewa, nikiona haya jinsi nilivyokuwa nikikimbilia kichakani.

Ramadhani ilipoandama wazee walikutana. Walisema kwamba mpaka Idi, kama hatujapata maji matamu, tutakwenda Namoto wenyewe kwa miguu yetu, tujisalimishe, tuingie aldeamento. Huko kulikuwa na pampu. Tungekaa ndani ya seng'enge, lakini tungekunywa.

Kwetu sisi hiyo ilikuwa aibu na njaa. Kwa Olinda ilikuwa mwisho. Olinda alizaliwa juu kwenye uwanda wa Wamakonde, akaolewa Diaca. Mumewe, Agostinho, alikuwa ameingia msituni na wapiganaji, na jirani mmoja akapeleka maneno kwa Wareno. Askari walipokuja kuchoma kijiji walimtafuta Olinda kwa jina lake. Alitoroka na binti yake mdogo, Benvinda, mgongoni, akateremka hadi pwani asikokuwa na ndugu. Mama yangu, Mwanaharusi, alimkuta amekaa chini ya mikoko, akamchukua akampa kona ya kibanda chetu. Wake wa wapiganaji walionaswa walipelekwa kusikojulikana. Na kuvuka kwenda Tanzania hakungewezekana kiangazi kile, kwa sababu boti za doria ziliulinda mkono mkubwa wa mto, na mtumbwi uliojaa watu ulikuwa umepigwa risasi siku si nyingi zilizopita. Wote tulilijua hilo. Wazee walipotoa uamuzi wao tuliinamisha macho, na Olinda akaendelea kutwanga muhogo.

Ndipo mjomba wangu Saburi, kaka wa mama, alipoingia na bildi yake. Kabla ya vita alifanya kazi kwenye boti ya brigada, kikosi cha Wareno kilichokuwa kikipima mlango wa Ruvuma. Kazi yake ilikuwa kutupa bildi, donge la risasi lililofungwa kwenye kamba yenye mafundo, na kusema kwa sauti maji yana kina cha pima ngapi. Aliipenda kazi hiyo kuliko alivyotupenda sisi. Hapakuwa na harusi aliyohudhuria bila kuisimulia, na akishashiba pilau boti ilizidi kuwa kubwa. Lakini siku ile alisema jambo la maana. Alisema chumvi ni nzito, hutambaa chini kabisa, maji matamu yakabaki juu yake, na bamvua likija yote huvurugika. Kwa hiyo kuutazama mto juu ni kujidanganya. Tuupime chini, kutoka ukingo huu hadi ukingo ule, tuujue mchanga wake na mashimo yake. Tukiijua sakafu ya mto tutajua chumvi inalala wapi na inaishia wapi.

Aliyeyusha risasi za nyavu zake akaunda bildi mpya. Chini yake aliacha tundu, akalijaza nta ya nyuki, ili inapogusa sakafu ipande na chochote kilichoko huko, mchanga au tope. Juu ya bildi alifunga kibuyu kidogo chenye kizibo, na kizibo kikawa na uzi wake. Kibuyu kilizama kimezibwa. Kikifika chini aliuvuta uzi, kikabubujika, kikajaa maji ya chini, akakipandisha na kuonja. Sisi tulitandaza kamba kutoka ukingo hadi ukingo ili mtumbwi uende moja kwa moja, na mimi nilikuwa mshika kamba wa ng'ambo.

Kulikuwa na suala la saumu, maana wote tulikuwa tumefunga. Mwalimu Mamudo, aliyetusomesha Kurani, aliulizwa, akajibu kwamba kuonja kwa haja na kutema hakumfunguzi mtu, mradi kisipite kitu kooni. Mjomba alishukuru. Lakini aliiogopea sana saumu yake. Nilimwona kwa macho yangu: maji yakigusa tu mdomo, ameshatema, tena anafuta ulimi kwa kanzu.

Karatasi hatukuwa nayo, na hata tungekuwa nayo, mtu aliyekutwa na mchoro wa mto angeuawa kama mpelelezi. Jambo hilo alilitatua mama. Alikuwa anasuka mkeka wa Idi, na mkeka wetu husukwa kwa kanda ndefu za miyaa, yale majani makavu ya kusukia, kila ukanda tunauita ukili, kisha kanda hizo zinashonwa ubavu kwa ubavu. Mama akasema kila mstari ambao Saburi anaupima mtoni utakuwa ukili mmoja. Penye maji mafupi atasuka miyaa mitupu. Penye kina atatia miyaa myeusi, iliyozikwa kwenye tope. Na popote chumvi itakapokutwa chini, atapitisha uzi mwekundu uliotiwa rangi ya magome ya mkoko. Mjomba alicheka mwanzoni, kwa kuwa brigada ya Wareno haikuwa na mikeka. Mama akamwuliza brigada hiyo iko wapi leo imletee karatasi. Hakucheka tena.

Basi mjomba alipima, akisema kwa sauti ya chini, na maji yakatuletea sauti yake. Mama na Olinda walikaa kwenye matete wakisuka alivyosema. Olinda hakuwa na mkono wa ukili, kwao husuka vingine, lakini alijifunza haraka kwa sababu alikuwa na la kupoteza. Mwezi ulipokaribia nusu kanda zilikuwa nyingi, na mjomba akaja na habari njema. Shimo la Viboko, lile lenye kina kuliko yote, lilikuwa tamu mpaka chini. Alilionja mara mbili.

Tulifurahi kama watu waliokwisha kuokolewa. Tulihamisha vibanda vyetu usiku na mchana hadi ukingo wa Shimo la Viboko, tukajaza mitungi, tukafuturu kwa raha. Kisha mwezi ukapevuka, bamvua likaja, na chumvi ikapanda kutoka humo humo shimoni. Mama yangu ndiye aliyeshikwa vibaya. Aliharisha mpaka akawa hawezi kuinuka, na Olinda akamlea kama mama aliyemzaa, akimpa kijiko kwa kijiko maji ya mvua yaliyobaki kwenye mtungi mmoja. Namshukuru kwa hayo hata kabla ya hayo mengine.

Wazee walikutana tena. Mjomba Saburi alikaa na bildi yake mapajani, hamtazami mtu. Nilizoea kumcheka, lakini siku ile nilimwonea huruma. Alirudia kusema kwamba aliyaonja, na wallahi yalikuwa matamu.

Olinda hakuwa mtu wa kusema penye wanaume. Wala tangu Ramadhani ianze hatukumwona akila au kunywa mchana. Alijificha nyuma ya kibanda, yeye na Benvinda, kwa kutuheshimu. Siku ile alisogea akapiga goti mbele ya Mwalimu Mamudo, akaomba ruhusa ya kuonja maji mbele ya watu waliofunga. Mwalimu akaitikia. Wakateka maji ya chini ya Shimo la Viboko, wakati huo bamvua limeshatulia. Olinda akasukutua kwanza kwa maji ya mvua, kisha akaonja, akayazungusha mdomoni, akafumba macho, akatema pembeni.

"Haya yana chumvi toka chini, hata bila bamvua," alisema. "Mjomba hakusema uongo. Mjomba alikuwa na kiu."

Sisi sote pale tulikuwa na vinywa vikavu na tulijua alichosema ni kweli. Ulimi wa mtu aliyeshinda na njaa, tena anayeogopa kumeza, unauliza maji tu, hauulizi ni maji gani. Mjomba mwenyewe ndiye aliyetangulia. Alicheka, akasema siku ile wangemwonjesha bahari ya Palma angeipeleka nyumbani kwa mtungi.

Olinda akatueleza kwamba juu kwenye uwanda hakuna maji. Wanawake wa kwao huteremka bondeni na kupanda tena na mitungi kichwani, na tangu utotoni hufundishwa kuonja kabla ya kujaza, maana kubeba maji mabaya mlima wote ule ni ujinga usiosameheka. Alikuwa tayari kuingia mtumbwini na mjomba, auonje mto wote upya. Mtauliza kwa nini isiwe mmoja wa wanawake wetu ambao kwa siku zile walikuwa na ruhusa ya kula. Walikuwepo. Lakini nani angekaa mtumbwini mchana kutwa mbele ya baba mkwe wake, akionja maji, watu wote wajue kwa nini hakufunga?

Tatizo ni kwamba Olinda aliuogopa mto. Hakuwahi kupanda mtumbwi. Siku ya kwanza alijifunga kiunoni kwa kamba, ncha ya pili akaifunga kwenye ubao wa mtumbwi. Mjomba alimwambia mtumbwi ukizama kamba hiyo haitamfaa. Akajibu kwamba angalau watajua alipo. Alikaa katikati, ameshika kingo zote mbili, na alipolazimika kuachia mkono mmoja ili apokee kibuyu, uso wake ulikuwa wa kijivu.

Waliupima mto upya. Mjomba alitupa bildi, akavuta uzi, akampa kibuyu. Olinda alisukutua, akaonja, akatema. Alikuwa na maneno matatu tu: tamu, chumvi, na bado. Akisema bado, mjomba alirudia. Mjomba, aliyekuwa hasikii la mtu, alirudia bila kunung'unika. Chakula cha Olinda siku hizo kilikuwa muhogo wa kuchemsha usiotiwa kitu, ili ulimi usichafuke. Midomo yake ilipasuka kwa chumvi. Jioni mama, ambaye alikuwa amepata nafuu, alimpaka mafuta ya nazi, akimgombeza kwamba anajiua, huku akijua kwamba hatuna mwingine.

Kanda za zamani zilifumuliwa, zikasukwa upya na nyuzi nyekundu mahali pake. Zilipokamilika mama alizishona. Tukawa na mkeka mkubwa, na kwa kweli ulikuwa mbaya, mweusi hapa, mweupe kule, wekundu umekwenda mrama. Hata kwenye soko la Namoto asingeuchukua mtu.

Siku mama aliyotia mshono wa mwisho, askari walikuja. Walikuwa wamezima mashine ya boti na kuingia kwa makasia, kwa hiyo hatukuwasikia. Mjomba na Olinda walikuwa mtoni, wakajitumbukiza kwenye matete na mtumbwi wao. Ukingoni tulibaki mama na mimi, wengine na vibanda wakiwa ndani zaidi ya matete, na mkeka umetandazwa chini. Mama alisema sisi ni wa Namoto, tumepanda kukata miyaa, na wanawake wa Namoto walikuwa kweli wakipanda huko kwa kazi hiyo. Wenzake walipokwenda kupekua, sargento, mkubwa wao, alivua kofia, akajinyosha juu ya mkeka, akalala chali juu ya mto wetu wote. Akaupapasa. Akasema kwa Kireno, na mkalimani wake akatafsiri, kwamba ni imara, atauchukua kambini.

Mama hakubadilika hata sauti. Alimwambia mkalimani kwamba bwana mkubwa achukue tu, ila ajue ni mkeka wa kulazia maiti, ndiyo maana una rangi za ovyo, na wa mwisho kulala juu yake alikufa kwa kuharisha.

Sargento aliruka. Aliusukuma mkeka kwa buti mpaka ukabingirika na kuangukia mteremko wa ukingo. Waliondoka na kuku wetu wawili. Mama alicheka mpaka machozi yakamtoka, akakaa chini, akanyoosha kidole aniambie nikauchukue. Kidole kikabaki hewani.

Mkeka ulikuwa umelala kwenye mteremko, umekunjuka wote, nasi tulikuwa mbali nao kidogo. Mpaka siku hiyo tulikuwa tumeuangalia kwa karibu, ukili mmoja mmoja, magotini petu. Sasa tuliuona wote kwa pamoja. Uzi mwekundu ulikuwa umepanda kutoka upande wa bahari, ukajaa Shimo la Viboko, ukaendelea, na mahali fulani ukakoma. Ulikoma ghafla, kwenye ukili ambao ulikuwa mweupe karibu wote, yaani maji mafupi kutoka ukingo hadi ukingo. Katikati tu ya ukili huo palikuwa na weusi, upana wa mlango. Na kupitia hapo, wekundu mwembamba uliponyoka ukaenda juu.

Mjomba alipotoka kwenye matete, matope mpaka masikioni, mama hakumpa pole. Alimshika mkono akamsimamisha pale pale. Mjomba aliufuata uzi kwa macho, akasema kwamba kwenye mstari ule nta ilipanda na udongo mweupe wa mfinyanzi, si mchanga. Kulikuwa na kizingiti cha udongo mgumu chini ya maji, kimekata mto kutoka huku hadi huku. Chumvi kwa uzito wake haikuweza kukipanda. Ilikuwa inapenya kwenye pengo moja tu.

"Basi tuufunge mlango," alisema Olinda, akikamua maji kwenye nguo yake.

Tulingoja maji mafu, zile siku za katikati ambapo mto hautembei sana. Watu wote walishuka, wanaume na wanawake, na saumu zao. Tulisuka matenga, tukayajaza udongo wa mfinyanzi, tukayazamisha pengoni na kuyabana kwa miti ya mikoko, mpaka yakawa sawa na kizingiti na si zaidi. Mjomba alisisitiza hilo. Mto uendelee kupita juu yake, mitumbwi ipite, na boti ya doria ipite bila kuona kitu. Olinda alikaa mtumbwini upande wa juu, amefungwa kamba yake, akionja kila baada ya tenga. Nilichoka mpaka nikawa nalia bila sababu, lakini sikumbuki siku nyingine za ujana wangu ambazo nilijisikia mzima kiasi kile.

Kisha ikabaki kungoja. Matenga yetu yangejulikana kama yanafaa bamvua likija, na bamvua lingekuja na mwezi wa Idi, siku ile ile ambayo wazee walikuwa wameiweka. Asubuhi ya siku ya mwisho ya Ramadhani niliamka nikaona furushi mlangoni. Olinda alikuwa amefunga nguo zake na za Benvinda, na kibuyu cha unga. Nilimwuliza anakwenda wapi. Alisema hajui. Alisema maji yakiwa na chumvi sisi tutakwenda Namoto, na yeye atajaribu mkono mkubwa wa Ruvuma, mtumbwi wowote atakaoupata. Mtu ambaye hakujua kuogelea. Nililia nikamwomba asiniage, na yeye akanifuta machozi kwa leso yake, akaniambia nikachambue dagaa wa futari.

Jioni maji yalipanda. Tulikuwa wote kwenye ukingo wa juu, futari imefunikwa, hakuna anayeiangalia. Mto ulijaa kutoka upande wa bahari, ukapita juu ya kizingiti, ukafika kwenye mizizi ya mikoko. Ulipotulia, jua likiwa linazama, mjomba alitupa bildi upande wa juu wa matenga. Aliuvuta uzi. Mapovu yakaja. Akapandisha kibuyu, akampa Olinda.

Alisukutua. Akaonja, akafumba macho, akatema.

"Bado," alisema.

Nilishika kanga ya mama. Mjomba alishusha tena, akapandisha tena. Olinda akaonja, akatema, akasema bado. Mjomba akasogeza mtumbwi kidogo, akashusha mara nyingine, taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto. Olinda akapokea kibuyu akatia maji mdomoni, akayazungusha, na tukangoja ateme.

Hakutema. Alimeza. Kisha akainua kibuyu akanywa mpaka kikaisha, maji yakimtiririka kidevuni na kwenye midomo ile iliyopasuka, na mjomba Saburi akaweka kamba chini, akajifunika uso kwa mikono yake miwili.

Mwalimu Mamudo aliadhini pale pale ukingoni. Alipomaliza hakuna aliyenyoosha mkono kwenye tende wala kwenye mtungi. Mwalimu alichota maji ya mto kwa kata, akamsubiri Olinda ateremke mtumbwini, akampa. Olinda akarudi nyuma.

"Mwalimu, mie sijafunga."

"Maji haya yamepita kwenye ulimi wako kabla hayajafika kwetu, mwanangu," alisema Mwalimu. "Anza wewe."

Alianza yeye. Kisha tukanywa sisi. Nimekunywa maji mengi tangu hapo, na Mungu amenipa umri wa kuyanywa, lakini ladha ya kata ile ningali nayo. Idi tuliswali hapo hapo kwenye matete, na hakuna aliyetaja Namoto. Furushi la Olinda lilifunguliwa na Benvinda, aliyekuwa anatafuta mwanasesere wake.

Tulikaa hapo mpaka vita vilipokwisha. Agostinho alirudi, mguu mmoja umekakamaa, akimtafuta mkewe kwa kuuliza njia nzima kutoka Diaca. Alitaka warudi kwao. Olinda alimwambia aende yeye akawasalimie, kwa sababu kiangazi kilikuwa kinakaribia na alikuwa na kazi. Maana sakafu ya mto haikai mahali pamoja. Kila mwaka mchanga ulihama, matenga yakaoza, na yeye na mjomba waliingia mtumbwini wakaupima upya, wakigombana kama watu waliozaliwa tumbo moja. Mama alifumua ukili uliobadilika akasuka mwingine, na alipofariki nikasuka mimi. Agostinho alikwenda akarudi, akalima mpunga. Ile kamba ya kiunoni Olinda hakuiacha kamwe.

Alikufa kwa uzee, kitandani kwake, Benvinda amemshika mkono. Ndugu zake walikuja kutoka Diaca na katekista, mwalimu wa dini yao, watu wastaarabu, na walitaka kumzika kwa desturi zao, jambo ambalo ni haki yao. Sisi tuliomba kitu kimoja, alazwe juu ya mkeka wa mto. Nilipowasimulia mama yangu alivyomwambia yule sargento kwamba ni mkeka wa maiti, walicheka wote, hata katekista, na Benvinda akacheka huku analia. Uongo wa mama ulikuwa umengoja miaka yote hiyo.

Kabla hatujamwosha nilikwenda mwenyewe na ndoo, nikateka maji juu ya kizingiti. Nilisukutua kwanza, kama alivyonifundisha, nikaonja, nikayazungusha mdomoni, nikafumba macho. Yalikuwa matamu. Ndipo nikamchukulia.